Nyumba Saba, Karatasi Moja

"Na haya ya chini, binti yangu, yanasema nini?"

Aliniuliza hivyo kidole chake kikiwa juu ya mistari minne iliyoandikwa kwa mkono chini ya mhuri, kwa wino wa zambarau. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya misheni juma lililotangulia, na mama alikuwa ameshawatangazia watu wote wa upande wa stesheni kwamba mwanawe anasoma hata yaliyoandikwa kwenye magunia. Watu watano walisimama mlangoni kunisikiliza. Mistari ya juu ilikuwa ya Kiswahili na nilikuwa nimeisoma vizuri, kwa sauti, nikisimama kwenye kila nukta. Ile minne ya chini ilikuwa ya Kijerumani. Shule yetu ilikuwa ya Waingereza. Tulifundishwa kusoma Kigogo na Kiswahili, na nyimbo chache za Kiingereza ambazo hatukuzielewa. Kijerumani kilikuwa cha shule ya serikali, na shule ya serikali ilikuwa ya wavulana.

Nitasema nilimjibu nini. Kwanza nataka kueleza habari za huyo aliyeniuliza, kwa sababu siku hizi Dodoma akitajwa hutajwa kwa jambo moja tu, kwamba ndiye yule mama aliyepoteza nyumba saba kwa siku moja. Alikuwa na mengine mengi, na baadhi yake hayakuwa mazuri.

Sisi wapangaji tulimwita Mwenye Nyumba. Mbele yake tulimwita Bibi. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na kiunoni alijifunga kamba ya katani yenye mafundo. Kamba hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chake cha kila kitu. Alipima nayo chumba, mlango, shimo la nguzo, hata kitanda cha mpangaji mpya kabla hakijaingizwa ndani, maana aliwahi kupata mpangaji aliyebomoa kizingiti ili apitishe kitanda cha chuma alichonunua kwa Mgiriki. Alikuwa Mrangi kutoka Kondoa. Alishuka Dodoma akiuza samli na asali kwa watu wa reli wakati tuta lilipokuwa bado linalimwa, na reli ilipofika yeye akabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza sokoni, kama cha wengi wetu, na alipokasirika kilimwishia akamalizia kwa Kirangi, basi hakuna aliyejua ametukanwa kwa kiasi gani.

Nyumba zake zilikuwa ndogo. Chumba kimoja na sehemu ya kupikia, paa bapa la fito na udongo kama tembe zetu zote, mlango wa ubao. Kodi ilikuwa rupia moja kwa mwezi. Mtu wa kupakia makaa stesheni aliimudu, na mpishi wa Mzungu, na mwanamke aliye peke yake na mtoto, kama mama yangu. Kwa bei hiyo usingepata hata kona ya ua wa watu wengine. Ndiyo maana hazikukaa tupu.

Jambo lililowashangaza watu ni kwamba alizijenga zikiwa zimeachana. Kwetu Ugogo tembe huungana. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, paa moja linapita juu ya wote, miti inaokolewa na joto linabaki ndani. Yeye aliacha nafasi kati ya nyumba na nyumba, upana wa mtu mmoja kupita bila kugeuka upande. Alitumia nguzo karibu mara mbili, na nguzo nzuri zilikuwa zinatoka mbali. Mafundi walimcheka. Mmoja, mzee wa Miyuji mwenye kujua kazi yake, alikataa kuendelea.

"Mama, hizi ni nyumba au ni meno ya mtoto?" alimwuliza. "Ziunganishe. Hata akida akija kuhesabu kodi anaweza kuziona chache."

"Azihesabu saba. Ni saba."

"Unamwaga miti yako bure."

"Miti yangu. Wewe unalipwa kwa kuchimba au kwa kunihurumia?"

Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Misheni walinichoka kwa hilo. Niliuliza kwa nini mvua iliombwa kwa Mungu kanisani na kwa mganga huko kijijini, na ilipokuja nani apewe shukrani. Niliuliza kwa nini barabara tuichimbe sisi na kodi tulipe sisi. Basi nilimwuliza na yeye kuhusu zile nafasi. Akanitazama kama mtu anayeamua kama nafaa kujibiwa.

"Nyumba zikishikana," akasema, "siku nikitaka kumpa mtu moja, nitaikata kwa kisu?"

Alikuwa mkali kwenye kodi, na ukali wake ulikuwa wa mlango. Siku tatu baada ya mwezi kuandama, kama hujalipa, alikuja na mwanamke mmoja wa kumsaidia, wakauinua mlango wako kwenye egemeo lake na kuubeba kwenda kwake. Hakupiga kelele. Alikuambia tu, "Mlango wako umelala kwangu, ukipata rupia njoo uuamshe." Fisi walikuwa wengi wakati ule, walipita hadi nyuma ya stesheni. Kwa hiyo alichukua mlango, kisha jioni hiyo hiyo akakuletea mzigo wa matawi ya miiba uzibe pengo, na kama una mtoto alikuja kuukagua mwenyewe na kamba yake. Mpakia makaa mmoja aliyevuliwa mlango miezi miwili mfululizo alimwambia, "Bibi, miiba yako ni kazi kubwa kuliko mlango. Niachie mlango tu." Akajibu, "Hapo utakuwa umezoea." Jirani mwingine alipougua tumbo la kuhara, alimpikia uji siku tisa, akamwosha, kisha alipopona akamvua mlango.

Alisali sala zote tano na hakunywa. Katika nyumba zake alikataza pombe. Lakini mwanamke aliyepika pombe ya uwele ng'ambo ya reli alipotaka kupanga, akampangisha, na sharti lake lilikuwa kwamba mitungi ilale huko huko ng'ambo. Mama yangu alimtania: "Bibi, kwa hiyo rupia ya pombe haileweshi?" Alicheka hadi akashika mbavu, lakini hakumfukuza yule mwanamke. Karatasi aliziogopa, na wakati huohuo alizipenda. Yake aliifunga ndani ya ngozi laini ya mbuzi, akaiweka kwenye kopo la biskuti, na mara kwa mara aliitoa kuipunga upepo, kama watu wanavyoanika nafaka.

Kila mwaka kabla ya mvua alitutoa wote juu ya mapaa. Udongo mpya ulipandishwa kwa vikapu, nasi tukaukanyaga kwa miguu mpaka ugande. Hakumsamehe mtu. Karani wa stesheni, kijana wa pwani aliyepanga nyumba ya tano, alisema hawezi, ana viatu. Akamwambia, "Vivue. Mvua haitauliza kama wewe ni karani." Akavivua. Tulikanyaga nyumba ya kwanza, tukashuka, tukapanda ya pili, mpaka saba, na kila tuliposhuka na kupanda tena mtu alilaani zile nafasi. Yeye alikuwa chini, akitupokezea vikapu na kuimba.

Sasa ile karatasi.

Nyumba moja kama zile iligharimu rupia thelathini, kwa miti, mlango na mafundi. Hakuna mwenye duka aliyekubali kumkopesha mtu rupia thelathini kwa nyumba ya udongo. Mkopo wenyewe ulikuwa mdogo mno, ungempotezea siku mbili boma, na ada ya mhuri ingekula faida. Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyemwonyesha njia. Alimwambia, "Mama, usijenge moja. Jenga saba. Nikupe rupia mia mbili na kumi, kwa karatasi moja, mhuri mmoja, ada moja. Nyumba zote saba ziwe rehani ya mkopo huo." Bibi alikubali, ila alimwambia kwamba yeye atalipa nyumba kwa nyumba. Thelathini zikitimia, moja imekwisha, anaanza nyingine. Mwenye duka alitikisa kichwa, kile kitikiso chake ambacho hatukuwahi kujua ni ndiyo au ni sawa tu nimekusikia.

Karani wa boma aliiandika kwa Kiswahili. Ikasema nyumba saba, rupia mia mbili na kumi, rehani pamoja. Haikusema lolote kuhusu nyumba moja kutoka kabla ya nyingine. Kisha karatasi ikaenda mezani kwa bwana mkubwa ili ipigwe mhuri, ikakaa siku nane, na iliporudi ilikuwa na mistari ile minne ya chini. Bibi akaileta kwangu.

"Na haya ya chini yanasema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Mama alikuwa nyuma yangu. Mwanamke mmoja dobi, ambaye baadaye alipanga nyumba ya kwanza, alikuwa amelaza mtoto mgongoni na amefungua mdomo kabisa. Nilijua kwamba nikisema sijui, mwaka mzima watasema misheni imenilisha bure.

"Ni maneno ya serikali," nikasema. "Wamekubali."

"Wamekubali nini? Kwamba nikimaliza moja, ni yangu?"

"Ndiyo, Bibi. Ni hivyo."

Akaikunja karatasi polepole, akaniambia, "Mungu akuzidishie macho." Alinipa kibuyu cha asali. Niliila yote.

Baada ya miezi sita alimaliza thelathini za kwanza. Siku ile alitafuta udongo mweupe, akaukoroga kwenye chungu, akapaka mlango wa nyumba ya kwanza pande zote, upana wa mkono. Akatuita. "Hii imekuwa mtu mzima," akasema. "Sasa inasimama yenyewe." Tulipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Yule dobi alikuwa mpangaji wa nyumba ile. Alikuwa Mnyamwezi, alikuja na watu wa reli, mume wake akafia njiani, naye akabaki akifua nguo za Wazungu wa stesheni na boma. Alikuwa na pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko na mikono iliyokauka kwa sabuni. Alitaka jambo moja duniani: mahali ambapo hakuna mtu wa kumtoa, yeye na binti yake. Alikuwa amekusanya rupia arobaini ndani ya mto. Alipoona ule udongo mweupe akaja kwa Bibi.

Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mlenda na mama.

"Bibi, niuzie hii."

"Una nini?"

"Arobaini."

"Zimetoka wapi, wewe?"

"Kwenye suruali za Wadachi," yaani Wajerumani aliowafulia. Tukacheka. Kisha akawa na sura nyingine. "Lakini nikinunua, kesho mtu akija akasema si yangu?"

"Mtu gani? Imelipwa. Pameandikwa." Bibi akanielekezea kidevu. "Mwulize huyo. Huyo haamini kitu bila kukichungulia."

Dobi akanigeukia. "Eti mdogo wangu, pameandikwa?"

Sikumtazama. Niliendelea na majani. "Pameandikwa," nikasema.

Arobaini zile zikalipa nyumba ya pili nzima, na sehemu ya tatu. Bibi alikuwa amepata mwendo mzuri. Dobi naye alipanda mbarika mlangoni, akajenga kibanda cha kupigia pasi, akafungua dirisha dogo upande wa ile nafasi. Jambo hilo mpangaji wa kawaida asingelithubutu. Mapema asubuhi ungemkuta amesimama nje akiitazama nyumba yake tu, mikono kiunoni.

Nilikuwa nimeanza kuhangaika. Usinifikirie kwamba nilisahau. Kila nilipopita kwenye ule udongo mweupe niligeuza uso. Na kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kwenda boma kuuliza, nilifanya nilichozoea kufanya, nikatafuta jibu kwa kufikiri. Nikajiuliza ni mkopeshaji gani anayeachia sehemu ya rehani kabla deni halijaisha. Angefaidika nini? Na ni serikali gani, hasa hii tuliyokuwa tunaiona kwa macho yetu, inayochukua wino wake kumwandikia mwanamke wa Kirangi jambo la kumfaa? Nikahitimisha kwamba mistari ile lazima ilikuwa kinyume chake, kwamba hakuna nyumba itakayotoka mpaka senti ya mwisho. Nilifika hapo bila kusoma herufi moja, na niliamini kabisa kuliko nilivyowahi kuamini kitu chochote misheni.

Kisha vita ikaja. Watu wa reli wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Nyumba ya nne ikawa tupu, ya sita, ya saba. Karani wa pwani akaondoka na viatu vyake. Bibi alikuwa ameshapaka milango mitatu, lakini miezi minne ikapita bila kupeleka kitu dukani. Hakumvua mtu mlango tena, maana waliobaki wote walikuwa wanawake ambao waume zao hawajulikani walipo.

Mwenye duka alikuja asubuhi moja ya upepo, vumbi jekundu limejaa kwenye miwani yake. Alikaa juu ya sanduku, daftari magotini. Tulisimama wote.

"Mama," akasema, "mali haiji. Pwani meli hazifiki. Aliyenikopesha mimi ananidai, na mimi sina. Kuna mtu wa Tabora anataka nyumba hizi. Anataka zote saba pamoja, au hataki hata moja."

"Chukua nne. Tatu zimekwisha, nimezipaka."

"Mimi rangi siijui, Mama. Kwenye daftari langu kuna deni moja, limepungua, halijaisha."

"Tulikubaliana nyumba kwa nyumba."

"Ulisema. Mimi nilikusikia. Lakini karatasi ndiyo niliyoitia saini."

"Na karatasi inasema!" Bibi akaingia ndani, akarudi na kopo. Alifungua ngozi, akamwonyesha chini. "Hapa. Pana maneno."

Mwenye duka akavua miwani, akaipangusa, akatazama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua. "Haya ni Kijerumani. Mimi Kijerumani sijui, na boma hawakunisomea. Kama chini pana neno la kukusaidia, Mama, twende sasa hivi boma, wakatusomee. Nitalifuata."

"Hakuna haja ya boma," Bibi akasema. "Msomaji yuko hapa."

Watu wote wakanigeukia. Dobi alikuwa ameshika pasi, makaa yanafuka.

Nilikuwa nimeishi na ule uongo kwa karibu miaka miwili, nami nikaona kwamba Mungu amenipa siku ya kuutua. Nilifikiri, sasa nitasema kweli, hata wanichukie.

"Bibi," nikasema, "nisamehe. Hayasemi hivyo."

"Hayasemi hivyo?"

"Hapana. Nyumba hazitoki mojamoja. Nilikudanganya siku ile."

Nakumbuka upepo ulivyosikika. Bibi akaikunja karatasi, akairudisha kwenye ngozi, na ngozi kwenye kopo. Alimwambia mwenye duka, "Basi. Boma la nini." Dobi ndiye aliyepiga kelele. Hakuniambia mimi neno. Alimwambia Bibi, "Arobaini zangu! Bibi, arobaini zangu!" mpaka mtoto wake naye akaanza kulia.

Mwenye duka alipoziuza nyumba, alimrudishia Bibi rupia kumi na mbili zilizozidi deni, alizohesabu mara mbili. Dobi alipanda gari la mizigo kurudi kwao kabla mwezi haujaisha, pasi kichwani, binti mkononi. Mama na mimi tulihamia misheni. Na nitasema jambo ambalo naona haya kuliko yote: siku ile, nikirudi nyumbani, nilijisikia mwepesi. Nilijiona mtu jasiri aliyekiri.

Nilimwona tena baada ya miaka, Wajerumani wameshaondoka na mimi nafundisha watoto kusoma. Niliambiwa yuko Miyuji, kwenye pembe ya tembe ya yule fundi mzee aliyemcheka zamani. Nilikwenda kwa miguu mchana. Alikuwa amekaa uani akichuja asali kwa kitambaa, na kamba yake bado kiunoni, ingawa mafundo yalikuwa yamelainika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani? Msomi!" Akasogea kunipa nafasi kwenye ngozi aliyoikalia. "Umenenepa. Watoto wanakulisha nini?"

Tukazungumza juu ya mvua, juu ya mama, juu ya bei ya chumvi. Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa maneno mengi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile mara ya kwanza," akasema bila kuacha kuchuja, "kwa nini ulisema ndiyo?"

"Niliona haya kusema sijui."

"Haya ya nani? Ya mama yako?"

"Yangu mwenyewe."

Alicheka, si kwa ubaya. "Ungesema hujui, ningekupa hela mbili uende ukamwulize mtu. Mbona mimi nilikuwa sijui kila siku na sikufa?"

Nikamwuliza asali ile yote ni ya nani. Akasema ni ya dobi. Kila msimu alimtumia madebe Tabora kwa mkono wa mlinzi wa gari moshi, dobi akauza huko. Arobaini zilikuwa karibu kutimia, madebe mawili zaidi, au matatu kama mwaka utakuwa mbaya. Mapato yake yote yalikuwa yameishia humo. Nikafungua kitambaa changu, nikamwambia nilipe mimi yaliyobaki. Niling'ang'ania, nadhani hata nilipiga magoti.

Akakisukuma kitambaa kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na asali. "Nani alimwuzia nyumba, wewe au mimi? Fedha zake nilizipokea kwa mkono huu. Hili langu liache."

"Na mimi langu nilipe vipi?"

"Sijui," akasema, na akaniangalia kuona kama nimesikia jinsi neno lile linavyosemwa kwa urahisi.

Nilipoinuka kuondoka akaniambia nilete lile kopo kutoka ndani. Akatoa karatasi, akanipa. Mgongo wake haukuandikwa, alisema, na siku hizi karatasi ni adimu, watoto wangu wangeweza kujifunzia herufi nyuma yake. Nilikataa. Akasema yeye haisomi, na fundi mzee atawashia moto. Nikaichukua. Sikuwapa watoto.

Alifariki kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Madebe ya mwisho yalikuwa yameshapelekwa. Dobi alituma kanga ya kumfunika, ikafika amekwisha kuzikwa.

Miaka mingi nilifundisha nikiwa na karatasi ile ndani ya Biblia yangu, nikijua inavyosema, kwa sababu nilikuwa nimeshahitimisha. Kisha akaja shuleni kwetu kufundisha hesabu mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa Wajerumani huko Mpwapwa. Jioni moja wakati wa chai nilimwonyesha, ili tu kumthibitishia kwamba serikali ile haikuwahi kuandika jema. Alisimama dirishani penye mwanga, akaisoma mistari minne kimya, kisha akanitafsiria neno kwa neno: nyumba yoyote kati ya hizi saba, ikishalipiwa rupia thelathini zake, itatolewa katika rehani na kuwa mali huru ya mama huyu, hata kama deni la nyingine halijaisha, mradi aombe boma kwa barua, na kwa barua hiyo hatatozwa ada yoyote.